Maji ya Kijani kwa Bathsheba

Nyangate alimwaga karai la tatu la mavi ya ng'ombe kidimbwini, akachungulia tena kule juu kwa Bathsheba. Maji ya Bathsheba yalikuwa ya kijani, kijani kile kinachopendwa na maofisa wa samaki: ukitumbukiza mkono, kiganja kinapotea kabla maji hayajafika kwenye kiwiko. Yake mwenyewe Nyangate yalikuwa ya udongo, na hayakumfika magotini.

Wivu ulimkaba, tena si wivu wa leo. Wawili hao waliolewa mtaa mmoja hapa Ekerenyo, mwaka mmoja, na vidimbwi vyao vilichimbwa wiki moja na egesangio, kikundi chao cha kulimiana kwa zamu. Majembe yale yale, vifaranga vya samaki aina ya ngege kutoka gari moja. Ila Bathsheba yuko juu, karibu na chemchemi, na Nyangate yuko chini. Zamani hilo halikuwa neno. Mvua ilinyesha karibu kila alasiri, chemchemi ikawatosha wote. Siku hizi mvua ya Machi inakuja Mei, tena na mawe, na jua linalofuata linachoma hadi majani ya chai yanakunjamana. Ziwani nako samaki wamepungua, wachuuzi wanapanda huku milimani kutafuta wa kidimbwini. Kwa Nyangate wanasalimia tu, wanapita kwenda kwa Bathsheba. Hata salamu zao zilimwuma.

Ijumaa hii Ombui, ofisa wa mradi wa samaki, alikuwa analeta karatasi jeusi la plastiki la kutandika chini ya kidimbwi ili udongo usinywe maji. Karatasi moja, kikundi kizima. Bila hilo, ngege mia tatu aliowalea Nyangate kwa miezi mitano wasingeuona mwezi ujao. Na Ombui alijulikana: hutazama rangi ya maji kwanza. Basi tangu alfajiri Nyangate alikuwa akibeba mavi mabichi, ili maji yake nayo yageuke kijani. Kila mfugaji pale anajua kwamba mavi hukaushwa kwanza, na hutiwa kidogo kidogo. Hata yeye alijua. Lakini wivu, jamani, hauna subira. Alitazama juu mara moja zaidi, akaongeza karai la nne.

Saa nne, jua kali, ngege wakaanza kupanda juu, midomo nje.

"Wanakula," alijiambia. Hawakuwa wanakula. Walikuwa wanakosa hewa, mavi mabichi yalikuwa yakiimaliza majini.

Wa kwanza alipogeuza tumbo, Nyangate alikimbilia mfereji wa chemchemi na ndoo. Maji yalidondoka polepole. Kujaza ndoo moja kulichukua muda wa kumenya sufuria nzima ya ndizi. Bathsheba alimwona, akashuka mbio na ndoo mbili, akimwita kwa jina la mwanawe.

"Mama Mose, chota kwangu! Kwangu yamejaa."

"Najua yamejaa. Nimeyaangalia mwaka mzima."

"Samaki watakufa."

"Ni wangu. Rudi kwako."

Bathsheba alisimama hapo na ndoo zake, hajui aziweke wapi. Kufikia saa sita maji yalikuwa meupe kwa matumbo ya samaki.

Ombui alifika kwa bodaboda, karatasi limefungwa nyuma. Alinusa hewa, akachovya kijiti.

"Mavi mabichi haya, mama. Nani alikufunza?"

"Wewe ulisema yawe kijani."

"Nilisema kidogo." Akafungua fomu ya vifo vya samaki. "Hapa kuna ugonjwa, kuna wizi, na kuna uzembe wa mfugaji. Naandika uzembe."

"Hakuna mahali pa mvua?"

"Pa mvua hakuna."

"Na chemchemi kukauka je?"

"Mama, hii fomu imetoka juu, si mimi niliiandika. Karatasi litaenda kwa kidimbwi kinachofanya kazi."

"Sasa chenye maji ndicho kipewe cha kushika maji?"

"Mpe yeye," Bathsheba alisema kwa sauti ndogo. "Changu hakivuji."

"Utachimba cha pili. Mradi unataka kuonyesha mafanikio."

Nyangate alimsubiri Bathsheba akatae, akamtazama mdomoni kabisa. Kisha akamwona akilipokea lile karatasi kwa mikono miwili. Kidimbwi cha pili kule juu, na chemchemi ni ile ile moja.

"Simama hapo kando ya samaki, mama," Ombui alisema akitoa simu. "Wafadhili wanataka picha mbili. Ya kwako inaitwa 'kabla ya mradi'. Ya Bathsheba ndiyo 'baada'."

"Hivi ni vidimbwi viwili tofauti."

"Wao watajuaje?"

"Ngoja."

Nyangate aliingia nyumbani, akanawa hadi kwenye viwiko, akavaa rinda jeupe alilokuwa amelipigia pasi kwa Sabato ya kesho, na viatu, na kilemba. Akarudi, akasimama, mgongo wima.

Ombui alishusha simu. "Sasa unaonekana mtu wa kujiweza. Rudia zile nguo za kazi."

"Piga hivi."

"Haitafaa."

"Basi isifae. Bathsheba namwonea wivu, na kesho nitaungama kanisani mbele yake. Lakini ile 'kabla' ya picha yake, mimi sitakuwa."

Ombui aliinama, akaisogeza simu karibu na maji, akawapiga picha samaki waliokufa peke yao. Kisha akaanza kupanda kwenda kwa Bathsheba, kupiga ile ya pili.