Muuaji wa Kila Jumapili

Fundi friji alikuwa na siku moja tu ya kuwa mtu. Jumatatu mpaka Jumamosi alishinda amepiga magoti nyuma ya mafriji ya watu, akitafuta mahali panapovujisha gesi, huku wateja wakimwapia kwamba friji "lilizima lenyewe tu", na alama za kisu walichobandulia barafu anaziona kwa macho yake mawili. Jumapili alasiri ndiyo ilikuwa yake. Alioga, akavaa bukta, akajitupa kwenye kochi upande ule uliokwisha bonyea kwa umbo lake, akaangalia filamu moja ya kusisimua, yenye maiti mapema na muuaji asiyejulikana mpaka mwisho. Hakuomba kingine duniani.

Kisha goti la mama mkwe likavimba.

Mama mkwe alikuja kukaa kwao ili awe karibu na hospitali. Alikuwa mstaafu, matroni wa bweni la wasichana, mama wa maneno machache na macho mengi. Fundi alimheshimu inavyompasa mkwe. Bukta ikarudi kabatini, suruali ikatoka. Kochi likawa la mama kwa ajili ya goti, yeye akahamia kiti cha mbao. Na lolote mama alilosema, alilijibu kwa "Ndiyo, mama" au "Asante, mama". Kwa majibu hayo mawili aliamini angeweza kuishi na mkwe hata mpaka mvi zimtoke.

Jumapili ya kwanza waliketi wote watatu, fundi, mkewe na mama, mbele ya televisheni. Jaji amekutwa amekufa kwenye bwawa la kuogelea. Kuna mke wa pili, kuna dereva mpole kupita kiasi, kuna kaka aliyetoka gerezani, kuna daktari wa familia. Fundi akainama mbele, akakamata mikono ya kiti. Mama mkwe akamtazama, akaitazama na ile mikono, kisha akasema taratibu, kama anayemwambia mtu kamba ya kiatu chako imefunguka:

"Ni daktari, baba."

"Naam, mama?"

"Aliyeua. Ni yule daktari. Usihangaike."

Fundi aliachia mikono ya kiti. "Asante, mama."

Muda wote uliobaki aliomba mama awe amekosea. Filamu ilipofika mwisho, daktari akatiwa pingu.

"Mama, umejuaje?" mkewe aliuliza. Yeye alikuwa muuza dawa, mtu wa kutaka sababu.

"Nimekaa na mabinti bwenini nusu ya umri wangu," mama alijibu, akijikanda goti. "Mwenye kosa ndiye wa kwanza kuuliza nani kafanya."

Fundi alilala akiwaza kwamba ni bahati. Lakini Jumapili iliyofuata, mjane wa kwenye filamu alipopokea simu iliyotoka kwa marehemu mumewe, na nywele za fundi zikaanza kusimama, sauti ilitoka kochini: "Mume hajafa. Amejificha darini." Na kweli, alikuwa darini, anakula mkate. Jumapili ya tatu treni haikuwa imeondoka hata stesheni, mama akasema mwizi ni yule padri, na tena si padri wa kweli.

"Asante, mama," fundi alisema, na kila asante ilikwaruza koo kuliko ile ya kabla.

Akabadili mbinu. Alikwenda kwa yule kijana muuza filamu wa pale kona, aliyekuwa akimjazia flashi kila Ijumaa, akamwomba filamu ya maisha ya mtu. Maisha ya mtu, alijiambia, hayana muuaji, basi mama atataja nini? Akapewa ya mwimbaji mmoja aliyeanza kwa kuuza maji stendi akaishia kujaza viwanja. Kama kawaida yake, alifika nyumbani Ijumaa, akaichomeka flashi kwenye televisheni ingoje Jumapili.

Jumapili, mwimbaji angali mtoto, hajashika hata gitaa, mama alisema: "Meneja atamwibia. Ataanza pombe. Mke wa kwanza ataondoka na mvua, amebeba sanduku la bluu."

Mke wa kwanza aliondoka na mvua. Sanduku lilikuwa la bluu.

"Mpaka rangi ya sanduku!" fundi alimwambia Kipara kesho yake. Kipara alikuwa mchomeleaji mwenye karakana ubavuni mwa ya fundi, mwenzake wa chai ya saa nne. Kwake yeye filamu zilikuwa za aina mbili: zenye geti linalopigwa teke, na zisizo na maana.

"Kwanza wewe ulifuata nini kwenye filamu ya maisha ya mtu?" Kipara alisema. "Ile ni msiba wenye muziki. Unajua atakufa, umekaa unasubiri chakula."

"Ilinigusa, lakini. Pale alipomwimbia mama yake kwenye simu."

"Kulikuwa na geti?"

"Hakukuwa na geti."

Kipara alitikisa kichwa kwa huzuni. Akapuliza chai. "Huyo mkweo ana macho ya ndani, huwezi kushindana naye. Ila unaweza kumwahi. Flashi ya wiki hii usiipeleke nyumbani. Tuiangalie hapa Jumamosi, kwenye televisheni yangu. Jumapili akitaja muuaji, ataje. Wewe umeshashiba."

Fundi alisita. Kumwahi mkwe ni kama kumtangulia mlangoni. Lakini aliikumbuka ile sauti ya kochini, na Ijumaa flashi ikabaki mfukoni mwa shati.

Jumamosi waliangalia wawili, mlango umerudishwa nusu, mteja akifika anaambiwa gesi inajaa polepole. Ilikuwa hoteli mlimani, theluji imefunga njia, mpishi amekutwa amekufa ndani ya chumba cha barafu. Fundi alikisia muuaji mara sita na akakosea zote sita. Ilipobainika kwamba ni yule bibi wa kiti cha magurudumu, aliyeinuka akatembea kama wewe na mimi, alipiga paja lake mpaka likauma. Tangu goti la mama livimbe hakuwa amefurahi hivyo. Kipara alilalamika tu kwamba mlango wa kile chumba cha barafu bawaba zake zimechomelewa kihuni, na ndiyo maana mpishi alifungiwa.

Jioni hiyo mama mkwe alimuuliza, "Baba, wiki hii hujaleta filamu?"

"Naleta kesho, mama."

"Kesho?" Mama akaitazama televisheni, akamtazama yeye, akaitazama tena televisheni. "Kesho siku ile ile?"

"Ndiyo, mama."

Jumapili mama hakuwa mama. Alijifunika shuka mpaka kidevuni na jua linawaka. Mpishi alipokutwa barafuni, goti lilipata nafuu ya ghafla, akainuka kwenda jikoni kutazama kama maji yamechemka, na hakuna aliyekuwa ameyabandika. Alirudi, akaenda tena. Upepo wa theluji ulipofungua mlango kwenye filamu, mkono ulitoka ndani ya shuka ukakamata shati la fundi begani. Fundi alikaa wima kama nguzo; mkwe hajawahi kumgusa tangu siku ya harusi. Lakini moyoni alistarehe. Kwa mara ya kwanza aliegemea kiti, akawa anatafuna karanga moja moja kama mwenye shamba.

Mwishowe mama alisema, kwa sauti nyembamba asiyoizoea yeyote, "Ni mtunza bustani."

"Siyo, mama."

Neno lilishatoka. Fundi alilisikia likitua katikati ya sebule. Mkewe akachukua rimoti, akaisimamisha picha.

"Umejuaje kwamba siyo?"

"Nahisi tu."

"Wewe? Wewe ambaye juzi hukuhisi kwamba umekalia miwani yako?"

Fundi alitazama karanga. Karanga hazikumsaidia. "Niliiangalia jana. Kwa Kipara."

Mkewe alimwacha hapo kwanza, akageukia kochi. "Na mama, leo imekuwaje? Wewe unayejua mpaka rangi ya masanduku ya watu?"

Mama mkwe alinyoosha shuka, akalikunja upande mmoja, akalikunjua. Matroni aliyefumania mabinti nusu ya umri wake alikuwa na sura ya binti aliyefumaniwa.

"Leo sikupata nafasi ya kuiona kwanza," alisema.

 Kisha mama akasema yote, bila haraka. Jumamosi wao wanaondoka, nyumba inapoa, goti linavuta. Flashi iko pale. Basi huiangalia mchana, dirisha wazi, anasikia watu wakipita barabarani, kwa sababu moyo wake hauwezi kukaa chumba kimoja na muuaji asiyemjua. "Nikishamjua, nakaa naye vizuri tu."

"Sawa, mama, lakini kwa nini unatuambia?" mkewe aliuliza.

"Siwaambii ninyi. Namwambia yeye." Mama akamwonyesha fundi kwa kidevu. "Humwoni anavyokaa? Anang'ang'ania kiti kama yuko kwa daktari wa meno. Jasho linamtoka. Nikasema, mtoto wa watu anateseka, na kwa kuwa ni mwanamume hawezi kusema anaogopa. Nikawa namtajia ili apumzike. Na kila nikimtajia, ananishukuru."

Mkewe alijifunika uso kwa mto wa kochi. Mabega yakawa yanatikisika.

Fundi alihisi masikio yakiwaka moto. Angeweza kujibu "Ndiyo, mama", mambo yakaishia hapo. Lakini siku hiyo alishasema "siyo" mara moja na dari halikuanguka.

"Mama, ile siyo kuteseka. Ile ndiyo raha yenyewe."

"Kutoka jasho?"

"Ndiyo, mama."

"Na zile asante?"

"Zilikuwa heshima."

Mama alifikiri. "Basi heshima imekula filamu zako zote, baba. Na mimi ndiye niliyekuwa nailisha kwa kijiko." Akaanza kucheka, cheko la chini lililoanzia kwenye goti bovu likapanda, na fundi, asiyejua kama mtu hucheka na mkwe, alicheka pia.

Walipotulia, mama akasema, "Haya. Nitajie nani kamuua mpishi."

"Akithubutu kutaja," mkewe alisema, "leo analala karakana. Mimi sijaiona."

Fundi alimtazama mama, akamtazama mkewe. Hapo alitamani theluji imfunike. Mwishowe alimshika mama mkono, akamsaidia kuchechemea mpaka jikoni, akafunga mlango, akamnong'oneza sikioni.

"Yule bibi wa kiti cha magurudumu?" mama alisema, kwa ile sauti iliyokuwa ikiamsha bweni zima alfajiri.

Kutoka sebuleni walimsikia mkewe muuza dawa akiitupa rimoti kwenye kochi.

Alinuna mpaka Jumanne. Lakini utaratibu ulipatikana: mama aliangalia Jumamosi, na Jumapili aliketi na mdomo umejaa karanga, akivumilia. Fundi alirudishiwa jasho lake. Filamu ikiisha ndipo walipofungua midomo, na hapo ndipo alipogundua kwamba mama ana maoni mengi, na mengi ni ya kupinga. Polisi wa kwenye filamu hawajui kuhoji. Wajane wanalia wamejipodoa. Na yule mke wa mwimbaji alikosea kuondoka na mvua, angengoja ianuke.

Goti lilipona, mama akarudi kwake. Zamani simu yake ilipoita, fundi aliipokea amesimama, akasalimia, akajibu salamu za nyumbani, akampa mkewe. Jumatatu moja iliita akiwa karakanani, kichwa kimeingia nyuma ya friji la mteja.

"Nimeiona ile ya mkimbiaji uliyonitumia," mama alisema moja kwa moja. "Ile ya maisha yake. Kocha ndiye mwenye makosa."

"Hapana, mama, hapo umekosea. Kocha alimwambia mapema apumzishe mguu."

"Alimwambia lini? Mimi sikuona."

"Labda ulikuwa jikoni, mama."

"Sikimbilii jikoni kwenye filamu isiyo na muuaji. Ngoja niirudishe nyuma."

Kipara alichungulia akauliza kama hiyo ina geti. Mteja alikohoa. Fundi alivuta kreti tupu, akakaa, akamwomba mama apunguze sauti ya televisheni ili wasikilizane vizuri.