Herufi Tano za Bahija

Alhamisi, saa kumi na nusu alasiri, Olfa alikuwa jikoni akitoa mbegu za pilipili za kuanika, na kati ya pilipili moja na nyingine alichapa maneno mawili matatu kwenye kompyuta kwa kidole ambacho kilikuwa bado hakijaanza kuwasha. Kila mwisho wa mwezi aliweka kwenye tovuti yake habari za kazi yake ya kujitolea katika programu moja ya kompyuta: amerekebisha nini, amejibu nani, ripoti gani bado inasubiri. Mwezi ule aliandika kwamba kongamano la mwaka la watengenezaji wake lingefanyika Sfax, mwendo wa saa moja kutoka kwao, na kwamba hatimaye angeonana uso kwa uso na wasimamizi. Alikuwa na wasomaji kumi na wanne. Mmoja wao alikuwa kaka yake Nizar, naye hakuwa akisoma.

Mama yao, Bahija, aliingia kwa mlango wa uani. Alikuwa amefariki miaka mitatu iliyopita, na kama marehemu wengi wa Ras Zitun alikuja kila Alhamisi baada ya swala ya alasiri. Alikuja katika vipande vitano. Hakuna kilichoanguka. Kulikuwa na nafasi tu, ya upana wa vidole viwili, kati ya kichwa na kiwiliwili, kati ya kiwiliwili na kila mkono, na kati ya kiwiliwili na miguu. Alitembea vizuri, lakini mikono haikuweza kubeba kitu, kwa kuwa nguvu haikuwa na pa kupitia. Olfa alimwekea kahawa mezani, naye akainusa.

Sababu ilijulikana mji mzima. Herufi za Kiarabu hushikana mikono ndani ya neno, isipokuwa sita zenye kiburi ambazo haziishiki inayofuata. Programu iliyochapa daftari la vifo ilikuwa na hitilafu: iliziachanisha zote. Jina Bahija lina herufi tano, na zote hushikana, kwa hiyo bibi yule alipoandikwa vipande, akawa vipande. Olfa aliwahi kwenda makaburini na brashi akaziunganisha herufi za mama yake juu ya jiwe. Alhamisi iliyofuata mama alikuja vilevile, rangi nyeusi ikimchuruzika shingoni. Jiwe lilikuwa nakala tu ya daftari.

Programu yenyewe ilikuwa huria. Haikuwa ya mtu. Ilitengenezwa bure na watu wa nchi nyingi, na yeyote aliruhusiwa kuirekebisha, mradi wasimamizi watatu wakubali. Olfa alikuwa amejifunza kazi ile ukubwani, kwa hasira, kwa ajili ya hitilafu hii moja. Marekebisho yake yalikuwa mistari kumi na mmoja. Yalikuwa yamesubiri miaka miwili na miezi minne.

Na sasa hapakuwa na muda. Rim, mke wa Nizar, alitarajia kujifungua Novemba, mtoto wa kike, na mjukuu wa kwanza wa kike huchukua jina la bibi mzaa baba. Bahija alilitaka jambo hilo kuliko kitu chochote alichowahi kutaka alipokuwa hai, na alikuwa mtu wa kutaka. Nizar ndiye aliyegoma.

"Nimwandikishe mwanangu vipande?" alimwambia dada yake. "Rekebisha hilo dude lenu kwanza. Jina lipo, halikimbii."

Olfa akamwomba asubiri kongamano, na Nizar akakubali kusubiri.

Kongamano lilikuwa Jumamosi. Bahija aliomba ruhusa ya siku ya pili katika wiki ile, akapewa. Mlangoni aliandikiwa kadi ya kuvaa shingoni kama wageni wengine. Ilitoka na herufi zimeachana, na kwa kuwa shingo yake haikuwa mahali pake, Olfa aliibana kifuani kwa pini. Wakakaa safu ya pili. Bahija alisikiliza mada tatu kwa adabu, akamwambia binti yake kwa sauti ya chini kwamba watu hawa hawajapata wa kuwalisha.

Olfa alipewa dakika tano. Alieleza hitilafu, akaonyesha mistari yake kumi na mmoja, kisha akamwomba mama yake asimame. Watu walimtazama, wakaandika. Mmoja aliuliza kama hali ni hiyohiyo kwenye toleo jipya, na Olfa akasema jirani yao aliyezikwa Septemba yuko katika vipande vinne. Walipiga makofi ya kweli.

Wakati wa chakula msimamizi mkuu alikuja mezani kwao. Aliitwa Henrik, mrefu, mpole, mwenye macho ya mtu asiyelala vya kutosha. Alimwamkia Bahija, akaupokea mkono wake kwa mikono miwili ili usining'inie.

"Umeandika vizuri sana," alimwambia Olfa. "Sijaona kosa hata moja. Lakini kuna maghala makubwa kule kwetu yanachapa lebo kwa programu hii. Mashine zao zinahesabu herufi moja moja. Zikishikana, lebo zao zote zitaharibika."

"Na mama yangu?"

"Wao walitangulia, dada. Wameshalizoea kosa. Kwao si kosa tena."

Hakulisema kwa ubaya, na hilo ndilo lililomuuma zaidi Olfa, kwamba hapakuwa na mtu wa kumchukia. Henrik aliifunga ripoti ya hitilafu palepale kwenye simu yake na kuandika chini yake: inafanya kazi kama ilivyokusudiwa. Kisha, kwa kuwa alitaka kusaidia, akauliza zile herufi sita zisizoshika wenzake ni zipi. Olfa akamtajia: alifu, dali, dhali, re, ze na wau. Henrik aliziweka kwenye mwongozo wa watumiaji, pamoja na ushauri kwamba jina lililoundwa kwa hizo tu halidhuriki. Akawabebea mikoba hadi kwenye teksi.

Njiani Bahija alikaa upande wa dirisha. Walipoipita mizeituni akasema, "Umejitahidi, mwanangu. Mimi nimeona." Olfa alilia hadi Ras Zitun, na dereva akafunga redio.

Mtoto alizaliwa tarehe kumi na tisa Novemba. Sheria ilimpa Nizar siku kumi za kuandikisha jina, naye akasubiri tisa. Siku ya kumi alikwenda manispaa na mwongozo wa Henrik uliochapishwa, na karani, aliyekuwa na nakala yake chini ya kioo cha meza, hakuuliza kitu. Mtoto aliandikwa Widad. Wau, dali, alifu, dali. Hakuna inayomshika mwenzake, hakuna cha kuachanishwa.

Bahija alikuja Alhamisi iliyofuata. Rim alimweka mtoto mapajani pake, na Olfa akapiga magoti nyuma ya kiti, akaishika mikono ya mama yake akaizungusha, ili ionekane inampakata. Bahija aliuliza jina, akaambiwa. Alilitamka mara mbili. Alisema ni jina zuri, jina la mapenzi, na kwamba mtoto atakaa mzima. Olfa alihisi mabega ya mama yake yakitetemeka, lakini mikono aliyoishika ilikuwa imetulia.

Baadaye Bahija aliuliza, Mungu akijalia wa pili akawa wa kike, ataitwa nani. Rim alimtazama mumewe.

"Arwa lipo, mama," alisema Nizar. "Nalo herufi zake hazishikani."