Balbu ya Shemasi Otha

Tangu ahamie kando ya ziwa, Shemasi Otha Crumpton hakuwahi kumwaga maji ya injini ya boti yake, na alijivunia jambo hilo kama wengine wanavyojivunia watoto waliosoma. Kila Novemba majirani walifungua vizibo chini ya injini zao, wakamwaga maji yasije yakaganda na kuzipasua, na kujaza dawa ya pinki isiyoganda. Otha aliwatazama kutoka barazani, akitafuna karanga za kuchemsha.

"Hapa ni Alabama ya kusini," alisema. "Baridi yetu ni mgeni wa kupita. Hata kiti hakalii."

Yeye alikuwa na dawa yake: balbu moja ya kizamani, iliyoning'inizwa ndani ya sanduku la injini na kuachwa ikiwaka msimu mzima, juu yake blanketi la viraka. Joto lake lilitosha, kama la kuku juu ya mayai.

Mkewe, Verdell, alilitamani lile banda la boti. Chupa zake za pichi na bamia za akiba zilikuwa zimejaa jikoni, chini ya kitanda, hata bafuni. Mwaka huu alimbana mumewe mbele ya mchungaji: injini ikipasuka kwa baridi, boti iuzwe, banda liwe lake. Otha alikubali kwa sauti kubwa, maana watu walikuwa wakisikiliza.

Jumatano moja ya Januari redio ikatangaza kwamba usiku huo kungekuwa na baridi ya kuua michungwa. Jioni, kwenye ibada ya maombi, Otha alisimama akawaombea wagonjwa, wajane na wasafiri. Kisha akaongeza:

"Na uvikumbuke, Bwana, vyombo vyote vyenye maji tumboni."

"Amina," alisema jirani yake, Roscoe, kutoka benchi la nyuma. "Lakini Bwana alishakupa spana."

Akina mama wakainamisha kofia zao, mabega yakitikisika.

Nje Roscoe alimshika mkono. "Ndugu Shemasi, muda bado upo. Nikupe dawa?"

"Danieli alilala na simba, mimi nishindwe na umande?"

"Danieli hakuwa na silinda nane."

Otha alifika nyumbani akaenda moja kwa moja bandani. Alipoinua blanketi, mwanga mweupe ulimpiga machoni, mkali kuliko alivyouzoea. Akaigusa balbu. Ilikuwa baridi kama pua ya chura.

"Verdell!"

Mkewe akaja, kofia ya kanisani bado kichwani. "Ah, hiyo. Nilibadilisha za nyumba nzima kabla ya Krismasi. Ile yako ilikuwa inakula umeme kama nguruwe. Hii inaangaza zaidi."

"Mke wangu, injini haisomi gazeti. Inataka joto."

Polepole Verdell akaelewa. Alichohitaji ni kwenda kulala tu. Asubuhi banda lingekuwa lake. Aliutazama ukuta ambao alishaupima kwa ajili ya rafu. Akashusha pumzi kama mtu aliyeamshwa katikati ya ndoto tamu.

"Nikilipata hivi, kila chupa itanishtaki mbinguni. Shika tochi. Vizibo viko wapi?"

"Chini. Upande ule."

"Upande upi?"

"Sijawahi kuvitafuta."

Tumbo la Otha halikupita pale pembeni, kwa hiyo aliyejipenyeza ni Verdell, na koti lake la ibada. Akakipata kizibo, akakizungusha, kikatoka. Halikudondoka hata tone.

"Unaona?" alisema Otha, uso ukimchangamka. "Hayamo."

"Yamo. Pamezibwa na kutu. Nyamaza nifanye kazi."

Alichomoa pini ndefu ya kofia yake, akaichomeka tunduni, akachokonoa. Maji yakaruka yakamwosha uso, yakaibeba kofia hadi mlangoni. Otha alitaka kucheka. Akaona heri aombe.

Asubuhi ndoo ya bati iliyoachwa na maji ilikuwa imepasuka uani na majani ya michungwa yamekuwa meusi. Injini haikuwa na ufa.

"Neno ni neno," alisema Verdell. "Boti inabaki."

Otha angeweza kuyaachia hapo, lakini kila alipopiga magoti dhamiri ilimwuliza nani aliyeiokoa. Mwishowe alipigilia rafu kuta zote za banda, kuizunguka boti. Verdell akazijaza kwa siku moja.

"Asante," alisema. "Sasa nipe funguo."

"Funguo za nini?"

"Za boti. Mimi niliyeichokonoa ndimi nitakayeiendesha."

Basi siku ya kwanza ya joto wanakijiji walimwona Shemasi ameketi mbele, jaketi la kuokolea limemkaba shingo, na Verdell kwenye usukani akimpungia Roscoe mkono.

"Punguza mwendo, mke wangu."

"Nikipunguza," alisema Verdell, "nitajuaje kama imepona?"