Vidonge vya Ijumaa

Mama mkwe wangu, Bi Kibibi, alizaliwa Malindi, na katika miaka yote niliyokaa naye Majengo, Nyeri, hakunipa nafasi ya kusahau. Nikipika wali, tui jepesi. Nikijifunga leso, nimejifunga kibara. Mimi ni mtu wa Giakanja, huko huko Nyeri, niliitwa Watiri kabla ya kuolewa na mwanawe Salim na kupewa jina la Rukaya, kwa hiyo kila kosa la jikoni lilitoka Giakanja.

Mwaka wa sabini na sita dada yake, Subira, alituma salamu kwamba macho yanamwishia, na anataka kumwona mdogo wake kabla hayajazima kabisa. Salim akasema mama yake hasafiri bila mimi. Mama alifurahi hadi akanisifia chai.

Tulikwenda zahanati kwanza. Nesi Gathoni alitupa vidonge vya klorokwini vya kukinga malaria, viwili viwili kila wiki. Tuanze wiki moja kabla ya safari, na tukirudi tuendelee mwezi mzima. Alitushauri tuchague siku tusiyoweza kuisahau, nasi tukachagua Ijumaa. Mama akacheka, akasema yeye na mbu wa Malindi wanajuana tangu utotoni. Gathoni akamwangalia vizuri: sweta mbili chini ya buibui, na jua la mchana linawaka nje.

"Mama, hiyo mwili yako ilisahau malaria kitambo," akasema. "Siku hizi uko tu kama sisi wa hapa."

Hiyo "kama sisi" ndiyo iliyomchoma. Njia nzima alinitangulia hatua kumi.

Ijumaa nilimpa vidonge na maji. Alipeleka mkono mdomoni, akanywa, akanishukuru kwa upole ambao ungenishtua kama ningekuwa na akili. Kesho yake nikachukua leso yake kuifua, nikakuta fundo kwenye pindo. Nilidhani ni sarafu. Nilipolifungua nikaona vidonge viwili, vikavu, vizima.

Nilipandwa na hasira. Nilimfuata sebuleni nikaviweka mbele yake, nikamwambia asipomeza hatuendi, na Salim nitamweleza mimi mwenyewe. Yeye akainua kidevu. Akasema ndugu zake watamcheka, mtoto wa Malindi kurudi kwao na dawa za wageni.

Nilimwona midomo inamtetemeka, na hasira ikaniishia. Huyu mama alikuwa amepoteza mume hapa, amezeekea hapa kwenye baridi, na kitu pekee alichobaki nacho cha kwao ni kule kujiita mtu wa Malindi. Nami nilikuwa namwomba akimeze pamoja na dawa. Lakini nilikumbuka pia Muhammad, shemeji yangu, aliyekwenda huko kwa harusi bila kidonge hata kimoja, akarudi na malaria.

"Mama," nikamwambia, "Muhammad pia ulisema ana damu ya Malindi."

Ni yeye aliyekaa kando ya kitanda cha Muhammad hospitalini, akimfuta jasho, hadi siku mwanawe huyo alipofungua macho na kuomba uji. Akavichukua vile vidonge, akaomba maji. Alimeza, na safari hii nilimwangalia koo.

"Ila kule usinipe mbele ya watu," akasema.

Nikakubali. Tulifika Malindi, na dada wawili wakashikana nyuso, wakalia, wakacheka. Mimi nilitoka jasho hata nikikaa kivulini. Ijumaa ilipofika, nyumba ilikuwa imejaa shangazi na binamu. Nikajibanza pembeni nimeze vyangu haraka, nivifiche vya Mama hadi watu wapungue. Binamu mmoja akaniona. Akasema kwa sauti kwamba watu wa bara wanaogopa mbu kuliko simba, na sebule nzima ikaangua kicheko. Niliona aibu, nikatazama mkeka.

Mama alikuwa ameketi karibu na dada yake, wameshikana mikono. Akauachia mkono wa Subira, akaninyooshea wake, kiganja wazi.

"Nipe na vyangu, Rukaya," akasema. "Sisi watu wa Nyeri hatufanyi mchezo na malaria."

Nilimpa. Alimeza mbele yao wote, pole pole, kisha akaniambia nisogee nikae karibu naye.