Mzinga wa Gengeni

Tangu mume wangu Songnian apate kiharusi, mwishoni mwa majira ya baridi, mimi ndiye niliyekuwa mikono yake. Nilimwosha, nilimvalisha, nilimlisha uji wa mahindi kwa kijiko na kumpangusa kidevu. Daktari wa wilayani alituambia jambo moja nikalishika: mkono wa kulia ukipata kazi kabla baridi haijarudi, utaamka, ukikaa bure, utakauka. Basi nikawa nausugua kwa mafuta ya tangawizi asubuhi na jioni, naufunga kitambaa cha joto. Lakini kuushikisha kijiko, hapana. Angekipeleka puani, uji ungemwagika, nguo zingefuliwa upya, na maji ya kufulia nayachota mimi. Kumlisha kulikuwa rahisi zaidi.

"Fungua mdomo, mzee."

"Mimi kifaranga?" Ulimi wake ulikuwa mzito, ila ugonjwa haukugusa kejeli zake.

"Kifaranga hana ubishi. Fungua."

Halafu kulikuwa na nyuki wake. Mizinga yake ya magogo imepangwa ukutani nyuma ya nyumba, na mmoja aliuweka peke yake gengeni, juu ya msitu. Miaka yote aliifungua mara moja tu, wakati wa vuli, akakata asali na kuwaachia nyuki ya kula wakati wa theluji. Mwaka huu mimi nikaogopa. Mwenye nyuki amelala kitandani, na nyuki wakifa je? Kila siku nikishamlisha nilikwenda kuinua vifuniko. Nimtafute malkia, nitoe viwavi wanaotafuna nta, nifagie chini, niwawekee maji ya sukari. Nilirudi mgongo ukiwaka moto, nikamsimulia yote.

"Waache," alisema.

"Nikiwaacha watakufa."

"Waache, bibi. Hata mimi ningehama, sema sina miguu."

Nilicheka, na kesho yake nikaenda tena.

Adhuhuri moja nilikuwa naanika nguo nikasikia mvumo. Kundi la kwanza lilitoka lote, likazunguka juu ya mti wa jozi kama moshi wa kahawia, kisha likavuka mto likaenda zake. Baadaye likaondoka jingine. Mpaka vuli, magogo yote ya ukutani yalikuwa matupu. Sikulia. Hata kulia kunataka nguvu.

Ndipo akashuka mtawa Chengyin kutoka hekalu letu la Kitao. Kila vuli huja kuchukua nta ya mishumaa. Ni mtu mzima kama mimi, nywele kazifunga fundo utosini. Alipofika aliona kuni zimelala uani bila kupasuliwa, akachukua shoka akazipasua zote, ndipo akaingia kunisalimu.

"Mwaka huu hakuna nta, mtawa," nilimwambia. "Wamehama wote."

"Na wale wa gengeni?"

"Wale sikuwapandia hata mara moja. Kwa miguu gani?"

"Basi twende tukawazike."

Tulipanda polepole. Kila nilipoishiwa pumzi, yeye alisimama akisema kiatu chake kina kokoto. Viatu vyake havikuwa na kitu. Nilijua, naye alijua kwamba nimejua.

Mzinga ulikuwa umeota kuvu ya kijani, na buibui amefunga kifuniko kwa utando. Mlangoni nyuki walikuwa wanapishana, wengine wanaingia na miguu ya njano kwa chavua. Nilijaribu kuusukuma kidogo. Haukutikisika kwa uzito wa asali. Nikakaa chini.

"Nani kawatunza hawa?" mtawa aliuliza.

"Hakuna. Nilichoka tu."

"Basi uchovu wako unajua kufuga nyuki kuliko wewe."

Nilikasirika kidogo. "Kitabu chenu cha Kitao ndicho kinasema hivyo, mambo yaachwe yaende yenyewe?"

"Kitabu nimekiacha hekaluni. Mimi naangalia nyuki, dada yangu, kama wewe."

Mbele yetu nyuki mmoja alikosea mlango akaanguka nyasini na mzigo wake. Akapanda jani, likapinda, akaanguka. Akapanda tena. Mkono wangu ukatoka wenyewe kwenda kumwinua. Mtawa hakunizuia. Aliutazama tu ule mkono, nami nikaurudisha mapajani. Nyuki alichukua muda mrefu sana. Alipumzika, akajifuta uso, akapanda jani jingine, akaruka, akaingia. Sikuwahi kujua kwamba kukaa bila kufanya kitu kunachosha hivyo.

Mtawa alikata sega moja la pembeni, akafunika mzinga, tukashuka.

Jioni ile nilipika uji kama kawaida. Nikamkalisha Songnian mezani, nikamwekea bakuli mbele yake, nikatia kijiko katika mkono wake wa kulia na kuvikunja vidole vyake juu yake, kimoja kimoja. Kisha nikauachia.

Aliutazama mkono, akanitazama mimi. "Ndio nini?"

"Nimechoka, mzee. Kula mwenyewe."

"Nitamwaga."

"Mwaga."

Nikajilaza kitandani, nikageukia ukuta. Nilisikia kijiko kikigonga bakuli, kikaanguka juu ya meza. Miguu yangu ilitaka kuinuka, nikaikataza. Nikasikia kiti kikilia, na kucha zikikwaruza mbao kutafuta kijiko. Akakitukana, akamtukana na mhunzi aliyekifua. Kikaanguka tena. Uji ulidondoka sakafuni, nikausikia, nikang'ang'ania ukingo wa blanketi. Halafu, baada ya muda, nikasikia mtu akivuta uji kwa kelele, kama alivyokuwa akila tangu ujana wetu, tabia ambayo siku zote ilinikera.

"Bibi, umelala?"

"Nimelala."

"Uji hauna chumvi. Mboga ya chumvi iliyochachuliwa iko wapi?"

"Mkono wako wa kulia, mbele kidogo."

Alinung'unika. Kisha nikasikia kisahani cha mboga kikiburutwa taratibu juu ya mbao.