Mpira wa Kwanza wa Tad Kucera

Itangazwe kwa mataifa yote, na hasa kwa wenzangu wa bwenini, kwamba mimi, Emmett Kucera, ndiye mwandishi rasmi na wa pekee wa historia ya Tad Kucera katika besiboli ya kulipwa. Wadhifa huu nilijipa mwenyewe, kwani hakuna mwingine aliyeuomba.

Tad ni kaka yangu, mlinzi wa uwanja wa nje. Kazi yake ni kusimama kwenye nyasi mbali na wenzake, kutazama mawingu, kisha ghafla kukimbia kama aliyeibiwa. Ameifanya miaka tisa katika ligi ndogo, kwenye mabasi yanayonuka soksi. Alitemwa mara mbili, akarudi mara mbili. Kiangazi hiki ligi kuu ikamwita. Kule nyumbani Nebraska, Mama alikuwa ametenga nafasi kabatini kwa ajili ya mpira wa kwanza ambao Tad angeupiga ukavuka ukuta katika ligi kuu. Kila Jumamosi aliipangusa vumbi nafasi hiyo, tupu.

Timu ya Tad ilipokwenda kucheza Chicago, nilikaa nyuma ya ukuta, katikati ya mashabiki wa wenyeji. Pale sheria ni moja: mgeni akivusha mpira, aliyeupata anaurudisha uwanjani, la sivyo atazomewa mpaka ajute kuzaliwa. Wajanja huja na mpira mwingine mfukoni, wakatupa huo. Mimi ni mjanja.

Tad akaupiga. Ulipaa, ukanijia, ukamgonga kifuani bwana mnene aliyekaa kando yangu, ukaangukia miguuni pangu. Historia rasmi itasema niliudaka kwa mkono mmoja.

"Tupa! Tupa!" uwanja mzima ukanguruma.

"We dogo, unauchumbia?" alifoka yule bwana huku akijisugua kifua. "Tupa!"

Nikauingiza mfukoni, nikatoa mwenzake kwa ustadi mkubwa, nikautupa. Simu ikalia papo hapo.

"Emmett! Nimekuona kwenye televisheni. Umetupa mpira wa kaka yako?"

"Tulia, Mama. Nimetupa bandia. Wenyewe ninao."

"Usinichezee, mwanangu. Leo siyo siku yake."

"Naapa kwa chakula cha bwenini."

"Hichohicho unachokilaani kila ukipiga simu?"

Baada ya mechi nilimkuta Tad mlangoni mwa chumba cha wachezaji, povu la kunyolea limemjaa usoni. Alikuwa na mwenzake Osvaldo, aliyempaka hilo povu kwa kumpongeza.

"Dogo, umeona? Wameniokotea!" Aliukumbatia mpira kama kichanga.

Nikakohoa kidogo. "Kaka, nasikitika kukufahamisha kwamba huo ni bandia. Wa kweli uko chini ya ulinzi wangu. Nitaukabidhi kwa sharti moja: nisafiri na timu mpaka shule zifunguliwe."

Tabasamu lake likafifia. "Emmett, Mama anausubiri huu. Unatania?"

"Sitanii."

Nikamwekea wangu kiganjani. Akaugeuza. Akaugeuza tena. Kisha akampa Osvaldo, naye akasoma kwa sauti ya mhubiri:

"'Mali ya shule. Usitolewe nje ya jengo la michezo.'"

Ule aliokuwa ameukumbatia Tad ulikuwa na muhuri wa ligi kuu, na alama nyeusi pale gongo lilipoubusu. Osvaldo akakaa chini sakafuni ili acheke vizuri.

"Kwa hiyo ulitupa wa kweli," alisema Tad.

"Walikuwa wanapiga kelele. Mkono ulichanganyikiwa."

"Na huu umeutoa wapi?"

"Nimeazima."

"Kwa nani?"

Kabla sijabuni jina, Tad alikuwa ameshapiga simu nyumbani, akanikabidhi.

"Mwambie mwenyewe."

"Mama," nilisema, "wa kweli anao Tad. Nilikosea, nikatupa huohuo. Huu mwingine niliuiba shuleni. Na ndiyo, nilitaka kumtoza safari na timu kwa mpira wake mwenyewe."