Nyuki wa Jikoni mwa Hekalu

Mtaani kwetu naitwa Mama Sumu, na jina hilo silikatai. Kazi yangu ni kuua. Kunguni, mende, panya, mchwa: niite leo, kesho utafagia maiti. Nina pampu ya kubeba mgongoni, ovaroli la buluu, na hasira ya kuzaliwa nayo, ambayo marehemu mume wangu alikuwa akisema inaua mende hata kabla dawa haijawafikia. Kwa miaka kumi na tisa hakuna mteja aliyewahi kuniuliza kama mende anaumia.

Basi asubuhi moja mfamasia mmoja aliponipigia simu na kusema ana nyuki kwenye dohani ya moshi, nilimwuliza swali moja tu: dohani ni ya matofali au ya bati?

"Ya matofali," alisema. "Iko jikoni mwa hekalu letu. Lakini tafadhali, mama, usiingie kabla hujaniona."

Nilimkuta mlango wa nyuma, kavaa koti lake jeupe la dukani, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alinieleza mambo haraka haraka. Mama yake, mjane wa miaka sabini na sita, ndiye mpishi wa hekalu lile la Wahindu. Kila siku hupika chakula cha kumtolea mungu wao Krishna, na kikishatolewa ndipo watu hula. Humo jikoni haiingii nyama, samaki wala yai. Siku nne zilizopita kundi la nyuki liliingia kwenye dohani ya jiko, na yeye, mwana, akawasha kiberiti ili awatoe kwa moto. Mama yake alimshika mkono, akakipuliza kile kiberiti, kisha akaenda mbele ya sanamu na kuapa kwamba hatatia chakula mdomoni mpaka nyuki wale watoke wazima, wote.

"Anakunywa maji tu," alisema. "Jana alianguka bafuni. Mfuga nyuki niliyempata yuko safarini, atarudi wiki ijayo. Mimi nauza dawa, mama, najua mwili wa umri ule unavumilia nini. Wiki hafikishi."

"Sasa unataka nifanyeje?"

Aliinama. "Mtoe jikoni kwa kisingizio chochote, upulize sumu yako. Nitawafagia mwenyewe. Tutamwambia wameondoka."

Nikamwambia sawa. Sioni aibu kulisema hilo. Ningekuwa mimi, mama yangu anakufa njaa kwa ajili ya nyuki, ningefanya hivyo hivyo, tena bila kuinama.

Nilivua viatu mlangoni nikaingia. Nilitarajia kukuta bibi mkali wa kunihubiria. Nilimkuta kikongwe mdogo, mwepesi, amekaa kwenye kigoda kando ya jiko lililopoa, ungo wa mchele mapajani. Juu ya kichwa chake dohani ilikuwa ikivuma kama mashine ya kusaga inayosikika kutoka mtaa wa pili.

"Karibu, binti yangu," alisema. "Sogea taratibu. Hawapendi watu wa vishindo."

Nilisogea, nikaona anachofanya. Alikuwa akichambua mchele. Kila fukusi aliyempata alimchukua kwa ncha ya kidole na kumweka kwenye kibakuli chenye konzi ya mchele.

"Bibi, hao fukusi unawapeleka wapi?"

"Bustanini."

"Na mchele unawapa?"

"Wewe ungehamishwa nyumba bila chakula, ungefurahi?"

Nilicheka mpaka pampu ikatikisika mgongoni. "Na hao wa juu je? Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mbona hapa mwenyeji ndiye anayekufa?"

Naye alicheka, wala hakukasirika. Kisha kizunguzungu kikamshika. Fukusi aliyekuwa kidoleni akadondoka. Yule bibi alishuka kigodani, akapiga magoti, akaanza kumtafuta sakafuni. Alipapasa taratibu, shavu karibu na saruji, muda mrefu kabisa, mpaka akamwona. Mtu wa siku nne bila chakula, anamtafuta fukusi! Kicheko kilinikauka. Nilimsaidia kukaa, nikahisi mifupa ya bega lake chini ya nguo.

"Unaitwa nani?" aliniuliza.

Kwa mara ya kwanza maishani nililionea aibu jina langu. "Fundi," nilimjibu.

"Haya, fundi. Mwanangu amekwambia uwaue. Usimwone mbaya, ananipenda. Mimi sina nguvu za kukuzuia, na ukinitaka nitoke nitatoka. Ila ukimaliza, uniambie ukweli. Nimempikia Bwana miaka arobaini na moja. Sijawahi kuonja hata chumvi kabla yake. Nitampaje chakula kilichopikwa juu ya maiti?"

Hakulia, wala hakuinua sauti. Laiti angefoka! Mtu akinifokea najua la kufanya. Sasa nilisimama pale na bomba la pampu mkononi.

Jambo moja watu hawalijui: anayeua nyuki lazima ajue malkia alipo. Ukimkosa yeye, umepoteza dawa bure. Miaka yote ile nilimtafuta malkia ili nianze naye. Nikajiuliza, hivi nikimpata leo na kumweka kwenye boksi, hao wengine si watamfuata? Nilikuwa nimesikia hivyo. Sikuwahi kujaribu, maana nani angenilipa kwa kuhamisha?

Niliiweka pampu nje. Nilimwambia mfamasia alete katoni ya dawa kutoka dukani kwake, yenye kifuniko. Alinikodolea macho. "Mama, tulikubaliana..."

"Lete katoni, baba. Maneno baadaye."

Pembeni mwa dohani palikuwa na kijimlango cha chuma cha kutolea masizi. Nilipokifungua tu, ule mvumo uligeuka ngurumo. Nyuki walimwagika nje wakanizunguka kichwa, na nikarudi nyuma mpaka ukutani. Yule bibi hawakumgusa.

"Wanakunusa," alisema. "Nguo yako imejaa kifo. Ivue."

Alisema kweli. Ovaroli lile lilikuwa limenywa dawa miaka mingi, hata mbwa wa jirani hulikwepa. Nilikwenda kwenye bomba la maji, nikalivua, nikabaki na blauzi ya mikono mifupi na kanga kiunoni. Nikajisugua mikono kwa maji na unga wa dengu alionipa bibi, mara tatu, mpaka kwenye viwiko. Kisha nikarudi na mikono mitupu, bila glavu. Mimi, ambaye nyuki mmoja akiniuma navimba kama unga uliochachuka!

Bibi alikuwa amesimama akiishikilia katoni mlangoni mwa dohani, huku akilitaja jina la Bwana wake kwa sauti ya chini, tena na tena. Nyuki walikuwa wakitembea juu ya mikono yake na juu ya nywele zake nyeupe. Mmoja alitua kwenye ukope wake. Alifumba jicho, akamngoja aondoke, akaendelea na jina.

Niliingiza mkono. Sijui nilieleze vipi. Palikuwa na joto humo, joto la kitu hai, na maelfu ya miguu midogo ilinipanda ngozi. Masega yalikuwa mapya, meupe, laini kama karatasi iliyolowa. Mle gizani, pembeni mwa masizi ya miaka arobaini, walikuwa wamejenga vyumba vilivyolingana kana kwamba vimepimwa kwa rula. Walikuwa wakipokezana kitu mdomo kwa mdomo. Kwa miaka kumi na tisa niliwajua nyuki kwa namna wanavyoanguka. Sikuwahi kuwaona wakiishi. Machozi yalinitoka pale pale, na sikuwa na mkono wa kuyafuta.

Malkia nilimkuta kwenye sega la tatu, mrefu, akitembea bila haraka. Nilimchukua kwa vidole viwili. Wakati huo huo nikahisi moto kwenye kiganja: mmoja alikuwa amenichoma. Kila kitu ndani yangu kilitaka kupiga na kusaga. Nilikaa tuli. Nilimshusha malkia katonini pamoja na sega lake, na yule aliyenichoma akabaki kiganjani mwangu, amekufa, kama wanavyokufa wote wakishachoma. Nikafumba kiganja, naye ndani.

Halafu nikaona ajabu. Wachache walisimama kwenye mdomo wa katoni, wakapiga mbawa, na wenzao wakaanza kutoka dohani na kuingia, safu kwa safu, bila kusukumana. Mfamasia alikuja akasimama nyuma yetu. Ilichukua karibu saa mbili. Dohani iliponyamaza, mfamasia aliibeba katoni kama mtoto mchanga hadi mwisho wa bustani.

Aliporudi, mama yake alikuwa ameegemea ukuta. Aliniuliza, "Wote, fundi?"

Mfamasia alinitazama. Macho yake yalinisihi. Nilichotakiwa kusema ni neno moja tu, na bibi angekula. Asubuhi ile ile nilikuwa tayari kudanganya juu ya maelfu. Sasa mmoja tu alinishinda. Nilifumbua mkono.

Mfamasia aliweka viganja usoni. "Mama, nakuomba," alisema, "nakuomba."

Bibi alimwangalia yule nyuki, akaangalia kiganja changu kilivyoanza kuvimba.

"Alipokuchoma ulifanya nini?"

"Sikufanya kitu. Nilikaa tuli tu."

"Iliuma?"

"Sana, bibi."

"Basi hakuna aliyemuua," alisema. "Alitoa maisha yake kwa ndugu zake, na wewe hukumlipiza." Alimchukua kwa ncha ya kidole, kama alivyowachukua fukusi, akamweka juu ya ua lililokuwa dirishani. Kisha akamgeukia mwanawe. "Washa kiberiti."

Alipika akiwa amejishikiza kwenye meza: wali, dengu, kabichi. Hakuonja kitu. Nilimwuliza habari ya chumvi, akanijibu, "Ataonja mwenyewe." Chakula kilipelekwa nyuma ya pazia, kengele ikalia, tukangoja. Njaa yangu ya asubuhi moja ilinitesa. Yake ya siku nne haikuonekana usoni.

Sahani zilipoletwa, mkono wangu wa kulia ulikuwa umevimba, vidole havikunjiki. Niliuficha chini ya kanga nikasema nitakula nyumbani. Yule bibi alisogeza kigoda karibu yangu. Alifinyanga tonge la kwanza, na mwanawe akanyoosha mkono ili amsaidie kulifikisha mdomoni.

Halikwenda kinywani mwake. "Fungua mdomo, binti yangu," aliniambia.

Mimi, Mama Sumu, nilifungua mdomo nikalishwa. Chumvi ilikuwa sawasawa. Ndipo naye akala.